Muulize Fundi: Jumamosi Hiyo Usipige Stata

Tangu Oktoba 2024, Land Rover za kila umri zilipojaa Arusha kwa lile tamasha, barua za magari ya zamani hazijakauka mezani kwangu. Watu wametoa maturubai, wamefukuza kuku kwenye viti vya nyuma, wanataka gari la mzee litembee tena. Nafurahi sana. Nilianza kushika spana mtaa wa Unga Limited, Arusha, mwaka 1983, nikiwa kijana wa kuosha vyuma kwa mafuta ya taa. Sasa niko Moshi, na magari haya ndiyo yaliyosomesha watoto wangu. Lakini barua nyingi za mwezi huu zimekuja baada ya kitu kuharibika, na ukisoma vizuri unaona kilichoharibika si kile kilichokuwa kibovu mwanzo. Kimeharibiwa na haraka. Ndiyo maana nimeanza na barua ya msomaji mmoja ambaye bado hajagusa kitu.

Shikamoo fundi. Marehemu baba alituachia Peugeot 504 ya mwaka 1979. Imekaa chini ya mparachichi miaka 11 bila kuwashwa. Nimenunua betri mpya na petroli lita 10, Jumamosi nataka kupiga stata. Kuna kitu nimesahau? – Msomaji, Kibosho

Marahaba mwanangu, na pole kwa kuondokewa na mzee. Umefanya vema kuuliza kabla. Jumamosi hiyo usipige stata.

Pijo yako imelala miaka 11. Ndani ya silinda, ringi za pistoni zimegusana na chuma wakati wote huo bila oili, na penye unyevu kama huko kwenu Kibosho kutu hushika. Ukiweka betri mpya yenye nguvu na kupiga stata, ringi iliyoshika inaweza kukatika, na kipande chake kikachana silinda yote. Gari lililokuwa likihitaji subira ya wiki moja linageuka gari la kufunguliwa injini.

Fanya hivi. Toa plagi zote nne. Mimina kijiko kikubwa cha oili ya injini iliyochanganywa na dizeli kidogo katika kila tundu, kisha ondoka, uliache siku mbili tatu. Ukirudi, weka gia huru, shika nati ya puli ya mbele ya injini kwa spana na ujaribu kuizungusha kwa mkono, taratibu, upande wa mwendo wa saa. Ikisogea hata kidogo, umeshapata gari. Isiposogea, ongeza mchanganyiko ule na usubiri tena. Usiongeze bomba kwenye mpini wa spana ili upate nguvu zaidi. Nimeziona injini zilizokaa mwezi mzima ndipo zikaachia, na zinatembea mpaka leo.

Petroli yako mpya usiimimine juu ya ile ya zamani. Petroli iliyolala inageuka gundi. Utaijua kwa harufu, inanuka kama vanishi ya seremala. Imwage yote, fungua tangi, angalia kutu kwa tochi (kamwe si kwa kiberiti). Badilisha mipira yote ya mafuta hata kama inaonekana mizima kwa nje. Fungua na chujio la hewa, maana panya wa chini ya mparachichi hupenda sana kuzaa humo, na wakishazaa hula nyaya.

Sasa nije kwenye jambo linaloniumiza zaidi, kwa sababu najua utafika huko. Utamsikia mtu akikwambia, "Fungua hedi, usafishe pistoni, ubadilishe gasketi kabisa." Hedi ni kile kifuniko kizito cha juu ya injini, na huenda kweli ikahitajika kufunguliwa. Lakini injini ya 504 ina silivu, yale makopo ya chuma ambamo pistoni hupanda na kushuka, zinazoweza kuchomolewa, maji yanazizunguka moja kwa moja, na chini yake kuna sili inayotenganisha maji na oili. Kinachozishikilia mahali pake ni hedi yenyewe. Ukishaitoa hedi, silivu zimekaa tu.

Miaka miwili iliyopita kijana mmoja aliniletea 504 imebebwa juu ya Fuso. Alikuwa amefanya kazi nzuri kweli. Hedi alisubiri ipoe usiku kucha kabla ya kuilegeza, akaipeleka mashineni ikanyooshwa, gasketi ilikuwa mpya, bolti alizikaza kwa hatua kuanzia katikati kwenda pembeni. Nilipovuta kijiti cha oili, kilitoka na rangi ya chai ya maziwa. Nikamuuliza, "Hedi ilipokuwa chini, uliizungusha injini?" Akasema ndiyo, alitaka pistoni zipande juu moja moja azikwangue masizi. Hapo ndipo lilipo kosa. Pistoni ikipanda inaibeba silivu kidogo, labda hata milimita haifiki. Sili ya chini inahama, uchafu unaingia, na silivu hairudi ilivyokuwa. Maji yakashuka kwenye oili. Tulianza upya, silivu zote nne zikatoka.

Kumbe angechukua bolti mbili tatu za hedi, vipande vya bomba na washa pana, akazikandamiza silivu zisinyanyuke, angezungusha injini atakavyo. Ni kazi ya robo saa. Andika hilo ukutani.

Na kabla ya kufungua bolti yoyote, piga picha kwa simu. Bolti ziweke kwenye trei la mayai, kila tundu na karatasi yake. Pushrodi nane, zile fito zinazosukuma vali, zichomeke kwenye boksi ulilolitoboa matundu nane yenye namba, kila moja irudi ilikotoka, kwa sababu zimeshazoeana na tapeti zake. 504 ilishinda Safari Rally mwaka 1975 na tena 1978, kwenye barabara ambazo wengi wetu tusingepitisha trekta. Ni gari gumu, na ukiliheshimu litakushusha mjini miaka mingi.

Fundi habari za kazi. Datsun 1200 yangu ya mwaka 1972 oili ya breki ilikuwa imepungua, nikaongeza oili ya giaboksi ya otomatiki iliyokuwa nyumbani. Sasa pedali imekuwa ngumu na matairi ya mbele yanashika yenyewe. Natoka Marangu kushuka Himo kila siku. – Msomaji, Himo

Ndugu yangu, liache hapo lilipo leo. Usishuke nalo tena hata mara moja.

Oili ya giaboksi, oili ya injini na dizeli zote zinatokana na mafuta ghafi ya ardhini, na raba za breki haziziwezi. Raba zinavimba. Zikivimba ndani ya masta silinda, ile pampu inayosukumwa na pedali, zinaziba kile kitundu kidogo kinachorudisha oili, ndiyo maana breki zinabaki zimeshika hata ukiachia pedali. Baadaye raba zinalainika, zinachanika, na pedali inazama mpaka sakafuni. Hilo likikukuta kwenye mteremko wa kutoka Marangu sina neno la kukwambia.

Kumwaga ile oili na kuweka nyingine hakutoshi, ingawa utakutana na watu watakaokwambia inatosha. Raba zote zibadilishwe: za masta silinda, za kila wili silinda, na mipira mitatu ya breki. Mabomba ya chuma yaoshwe kwa spiriti na kupulizwa hewa mpaka yakauke. Ndipo uweke oili ya breki, DOT 3 au DOT 4, kutoka kopo ambalo halijafunguliwa, kwa sababu oili hiyo hunyonya unyevu wa hewani. Toa hewa ukianzia gurudumu lililo mbali zaidi na masta silinda. Ikikudondokea kwenye rangi, mwaga maji papo hapo, inabambua.

Na siku nyingine oili ya breki ikipungua, usiongeze kwanza. Tafuta inakokwenda.

Fundi, nina Volkswagen Beetle ya 1972 niliyoinunua Tanga. Kule ilikuwa inatembea vizuri. Tangu niilete Arusha inamisi ikipata moto, inanuka petroli, plagi zinakuwa nyeusi. Nimebadilisha kabureta mara mbili na hela imeisha. – Msomaji, Sakina

Tuanze na harufu, kwa sababu Beetle nyingi zimeisha kwa moto. Tangi lako liko mbele, injini nyuma, na mpira wa petroli unapita juu kabisa ya distribyuta, pale panaporuka cheche. Kuna pia kibomba cha shaba kinachoingia kwenye kabureta, hicho huwa kimebanwa tu, na kwa mtikisiko wa miaka kinalegea. Injini ikiwa baridi, kunja mpira kwa vidole. Ukiona nyufa, au mkono ukabaki na petroli, kata wote utupe, weka mpya na klipu kila mwisho. Kibomba kivute kwa vidole, kikicheza kitolewe na kibanwe upya. Mpaka umalize hilo usiwashe gari, na nunua kizima moto ukiweke karibu na kiti.

Sasa kumisi. Ulibadilisha kabureta mbili bila kupima kitu. Sikulaumu, ndivyo tunavyofundishana mtaani: gari likikohoa, kabureta. Lakini kwa uzoefu wangu gari la zamani linalomisi likipata moto tu, likipoa likawa zima, ugonjwa uko mara nyingi kwenye umeme wa plagi. Kondensa ni kikopo kidogo pembeni ya distribyuta, bei yake ndogo, na kikichakaa kinafanya kazi asubuhi na kukataa mchana.

Hela iliyobaki nunua fila geji, vile vibati vyembamba vya kupimia nafasi. Kisha fuata mpangilio huu, usiuvuruge. Asubuhi, injini ikiwa imelala usiku mzima, pima nafasi ya vali, kila moja milimita 0.15. Beetle hupimwa ikiwa baridi kabisa, hata saa mbili tangu izimwe hazitoshi. Baada ya vali, safisha au badilisha pointi, zile ncha za ndani ya distribyuta zinazokata na kuunga umeme, na uziweke nafasi ya milimita 0.4. Baada ya pointi ndipo taimingi, yaani wakati wa cheche kuruka, kwa sababu ukigusa pointi taimingi inahama. Kabureta iwe ya mwisho, na mara nyingi ukifika hapo utakuta haihitaji kuguswa.

Ila safari hii itahitaji kidogo. Tanga iko usawa wa bahari. Arusha tuko mita kama 1,400 juu yake, hewa ni nyepesi. Kabureta iliyowekwa pwani inaleta petroli ileile wakati hewa imepungua, basi petroli inazidi, plagi zinakuwa nyeusi kwa masizi. Gari si bovu, limepanda mlima. Rudisha ile kabureta yake ya kwanza, ipe hewa zaidi kwenye skrubu ya sailensa (ile ya mwendo wa injini gari likiwa limesimama), na kama bado plagi ni nyeusi, tafuta jeti, kile kitundu kinachopitisha petroli, ndogo kwa namba moja.

Jambo moja nimeliona kwenye picha uliyotuma. Mabati ya kuzunguka injini hayapo, na ule mpira wa pembeni unaoziba kati ya injini na bodi umekatwa. Najua yanasumbua ukitaka kufikia plagi. Lakini Beetle haina rejeta. Mabati hayo ndiyo yanayoipeleka hewa ya feni kwenye silinda na kuzuia ile ya moto isirudi kuvutwa tena. Bila hayo injini inajipika yenyewe. Yatafute, hata kwa kuchongesha kwa mafundi bati wa Kilombero, hapo Arusha.

Shikamoo baba. Mimi ni mwalimu. Babu aliniachia Land Rover Series III na nimeamua kujifunza kuitengeneza mwenyewe. Nimekata bolti tatu za manifoldi, na spana zangu zinateleza zinaharibu vichwa. Vijana wa gereji ya jirani wanasema kazi hii haina mwanamke. – Msomaji, Soweto, Moshi

Marahaba mwalimu. Kuhusu hao vijana: mwanamke aliyekubali kulala chini ya Land Rover kwa gari la babu yake ana moyo ambao wao bado wanautafuta. Endelea.

Bolti za manifoldi, lile bomba la chuma linaloungana na hedi, hushika sana kutu, lakini kuhusu vichwa kuharibika mkono wako hauna kosa, kosa ni la spana. Seti uliyonunua ni ya milimita, na Land Rover hiyo ni ya Uingereza, bolti zake karibu zote ni za inchi. Nusu inchi ni milimita 12.7. Ukiweka spana namba 13 inaingia, unaona inafaa, lakini ina nafasi, na ukivuta kwa nguvu inakula pembe. Inchi 9/16 ni kama milimita 14.3, kwa hiyo 14 haiingii na 15 inateleza. Inchi 3/4 inakubaliana na 19. Nunua seti moja ya inchi, hata iliyotumika, bora iwe chuma cha zamani. Na kwenye bolti ngumu tumia upande wa ringi, unaoshika kichwa chote, usitumie mdomo wazi.

Bolti iliyoshika kwa kutu usiifungue kwa hasira. Piga brashi ya waya kwenye meno yanayoonekana. Paka dizeli iliyochanganywa na oili jioni, rudia asubuhi. Unapoanza, kaza kwanza kidogo sana, utasikia "tik", hiyo ni kutu imevunjika. Kisha legeza robo, kaza tena nusu yake, legeza, huku unaongeza mafuta. Utahisi mkononi. Bolti inayotoka ina ukinzani ulio sawasawa. Inayotaka kukatika inakuwa laini ghafla kama chuma kimegeuka mpira. Ukihisi ulaini huo simama, usimalize mzunguko, rudi nyuma.

Kwa zile tatu zilizokwisha kukatika, usitoboe na drili ya mkono peke yako kama hujazoea, itakwenda kombo na kuharibu tundu. Mwite mchomeleaji aweke nati juu ya kisiki na kuichomelea kwa ndani. Joto lenyewe linalegeza kutu, ikipoa kidogo unafungua kwa spana kama bolti ya kawaida. Nimetoa nyingi mno kwa njia hiyo. Chomoa betri kabla hajaanza kuchomelea, na mpira wa mafuta uwe mbali.

Fundi, Land Rover yangu ni ya 1964. Nimeifunga redio mpya, imetoa moshi papo hapo. Nyaya niliunga sawasawa, nyekundu kwa chanya, nyeusi kwa bodi. – Msomaji, Njiro

Angalia betri: ni waya gani unaokwenda kwenye chasisi? Nina hakika utakuta ni wa chanya. Magari mengi ya Uingereza ya miaka hiyo bodi yake ni chanya, kinyume cha yote unayoyajua. Usifunge altaneta wala kitu chochote cha kisasa mpaka fundi umeme akubadilishie mfumo, na akimaliza abandike alama karibu na betri kwa ajili ya atakayekuja baada yako.

Mlango wa gari langu ulikuwa na kutu, nikapiga puti na rangi, umependeza. Miezi minne baadaye umevimba. – Msomaji, Kiboriloni

Ulifunika kutu ikiwa hai. Toa puti yote, choma kwa bisibisi mpaka ufike bati linalogoma. Bati bovu likatwe na kuchomelewa jipya, lipakwe prima upande wa ndani pia, na yale matundu madogo ya chini ya mlango yazibuliwe ili maji ya mvua yatoke.

Fundi shikamoo. Uwanja wetu una mteremko kama mnavyojua huku kwetu. Nataka kushusha giaboksi. Nina jeki moja na matofali ya saruji. Nitaegesha vipi? – Msomaji, Marangu

Marahaba mangi. Barua yako nimeisoma mara tatu.

Mwaka 1991, mimi na mwenzangu tulikuwa chini ya Peugeot 404 kwenye uwanja wa mtu, uwanja kama wako. Jeki mbele, tofali la saruji lenye matundu nyuma, hakuna kigingi. Mwenzangu aliomba spana namba 17, nikajivuta nje kuichukua. Nilisikia mlio kama wa muwa ukivunjwa. Tofali halikuinama wala kutoa dalili, lilipasuka mara moja likawa kokoto, na gari likashuka. Alipona kwa sababu alikuwa amelala karibu na gurudumu tuliloliweka chini, na tairi lile likabaki na nafasi ya kifua chake. Mkono wake wa kushoto haukurudi kuwa sawa. Mpaka leo ananyanyua kikombe kwa kulia tu.

Tofali la saruji linabeba mzigo mzito ukiwa umetandazwa, lakini ncha ya chuma ikilikandamiza mahali pamoja linapasuka bila kuonya. Jeki nayo kazi yake ni kunyanyua, si kushikilia. Usilale chini ya gari lililo kwenye jeki hata kwa dakika ya kuchungulia.

Kwanza usifanye kazi hii kwenye mteremko. Sukumeni gari mpaka penye usawa, hata kama ni uwanja wa jirani au wa kanisa, omba ruhusa. Kama hakuna, chimba: uwanja wa udongo unaweza kusawazishwa kwa jembe asubuhi moja, urefu wa gari na nusu. Weka vigingi vya mbao mbele na nyuma ya kila gurudumu linalobaki chini. Ukishusha giaboksi, breki ya mkono inaweza isikusaidie, na gia haipo tena ya kulizuia gari.

Kisha stendi nne za chuma. Kama bei inakushinda, azima, au tumia magogo mazima ya mgrivelia yaliyokatwa mapana na kupangwa kwa kupishana kama vile mnavyopanga kuni. Mbao hulia kabla ya kuvunjika. Gari likishakaa juu yake, lisukume kwa bega kwa nguvu zako zote ukiwa nje. Likicheza, anza upya. Na asiwepo mtoto uwanjani, wala usifanye kazi ukiwa peke yako nyumbani.

Ukishapata pa usawa na stendi zako, niandikie tena kabla ya kulegeza bolti ya kwanza. Giaboksi la gari la zamani ni zito kuliko linavyoonekana, na kuna namna ya kulishusha bila kupinda shafti inayoingia kwenye klachi. Nitakueleza toleo lijalo.